Mume Wetu wa Tabora

Kioo hakipitishi harufu. Hilo ndilo nililolifikiria kwanza siku ile mjini, nilipoinama juu ya kabati la maonyesho ya sarafu za kale na kumwona tembo. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ameinua mkonga mbele ya mlima, rangi yake ileile ya kiini cha yai la kienyeji. Kikadi kilichowekwa kando yake kilieleza kwamba sarafu hiyo ya dhahabu ilitengenezwa Tabora wakati wa ile vita ya kwanza, katika karakana ya reli, Wajerumani walipobanwa pande zote na kukosa fedha ya kuwalipa watu wao. Hayo niliyajua kabla sijajua kusoma. Nililotaka kulijua halikuandikwa: kama juu ya sikio lake palikuwa na jeraha.

Nilizunguka kabati, nikainama upande wa pili ili mwanga umpige vizuri. Mlinzi akaja.

"Dada, usiegemee kioo."

"Siegemei. Naangalia sikio."

"Sikio la nani?"

"La tembo."

Alinitazama, akamtazama tembo, akanitazama tena. "Analo, dada. Kama wenzake wote. Haya, wapishe wengine."

Nilisogea. Nje nilisimama kwenye ngazi muda mrefu nikijiuliza kama amenidhania mwizi au mgonjwa wa akili, na kama nirudi nikamweleze, na nikimweleza nianzie wapi. Ndivyo nilivyo. Nina shahada, watu wa nyumbani wanadhani aliyesoma kiasi hiki huamua mambo upesi, kumbe mimi hata salamu ya mtu huibeba mpaka kitandani nikiigeuza. Sikio lilikuwa zima. Nilishukuru kwamba siye, halafu nikakasirika kwa kushukuru. Angekuwa yeye, ningefanya nini? Ningevunja kioo? Ningeomba nimnuse?

Maana tembo wetu alikuwa na harufu. Alinuka ugoro.

Bibi yangu, mama yake baba, alimweka ndani ya kibuyu kidogo cha ugoro, amezungushiwa kipande cha kaniki, na kibuyu kikaning'inia juu ya kitanda chake katika nyumba yetu ya nyasi, kwenye kijiji kilichoko njia ya kwenda Idodi. Mimi nililelewa na Bibi wakati baba na mama wakiwa Mbeya. Kila asubuhi, baada ya kuwasha moto, Bibi aliniita kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

"Kamwene, mke mwenzangu."

"Kamwene, Bibi."

"Haya, mtazame mume wetu. Ameamkaje?"

Nami nilipanda kitandani, nikashusha kibuyu, nikakifungua na kupiga chafya. "Ameamka salama. Anasema leo anataka maboga."

"Juzi maboga, leo maboga! Mwambie aje alime mwenyewe."

Huo ulikuwa utani wetu, na kwangu haukuwa utani. Babu alichukuliwa na Wajerumani baba yangu akiwa bado ananyonya. Walipokimbia kutoka Tabora walipita kwetu Iringa, wamechoka, wanakula mahindi mabichi shambani kwa watu, na katika kundi hilo alikuwapo mwenzake Babu. Aliingia uani kwa Bibi, akamwekea sarafu mkononi. Akasema mumeo alilipwa hii Tabora, akanipa nikuletee, naye tulimwacha njiani ng'ambo ya mto, ana homa. Bibi akauliza amekufa? Yule akasema, tulimwacha. Akaulizwa tena. Akajibu vilevile, akanywa maji, akawafuata wenzake. Bibi akaiweka sarafu juu ya jiwe la kusagia, akachukua jembe, akaipiga. Dhahabu haikukatika. Ilipata mfuo mmoja tu, mfupi, juu ya sikio la tembo.

Alinisimulia hayo mara nyingi, tena bila machozi, huku akichambua mboga. Mimi katika akili yangu ya kitoto niliyapanga kwa namna yangu. Mtu alikwenda Tabora akiwa mzima, ikarudi sarafu. Basi Tabora ndiko watu walikogeuzwa. Niliona kwa macho ya moyo tanuru la reli, Wajerumani wanawapanga watu wao waliochoka, na kila anayeingia anatoka mdogo, wa manjano, mzito kuliko anavyoonekana, rahisi kubebwa na mwenzake. Sikumwuliza mtu kama ni kweli. Jambo lililo wazi haliulizwi.

Kwa sababu hakuna aliyemwona Babu akifa, Bibi hakuwa mjane. Mdogo wa Babu, tuliyemwita Babu Mdogo, alikuja enzi hizo kumrithi kama ilivyokuwa desturi, Bibi akamwambia, "Nirithiwe vipi nami nina mume? Huyu hapa, mwamkie." Akamshushia kibuyu. Watu walicheka, lakini Babu Mdogo hakuwahi kulisahau. Kwetu mtu aliyepotelea mbali huzikwa kwa kitu chake kilichosalia, shuka yake, au mkuki, au jembe, na kaburi lake huwa kaburi kama mengine. Kitu cha Babu kilikuwa hicho tu. Bibi alikataa kukizika, mwaka baada ya mwaka, na kwa kukataa huko akawa hana sehemu ya kusimama. Si mke, si mjane. Kwenye misiba wajane walikaa upande wao, wake za watu upande wao, naye alikwenda kukaa jikoni na wasichana.

Kisha mama yangu akazaa watoto wawili wakafuatana kufa wakiwa wachanga. Babu Mdogo alikuja na fimbo yake, akaketi, akasema yale ambayo kila mtu alikuwa akiyanong'ona. "Kaka yangu hajalala. Mtu asiyelala anatafuta wa kulala naye."

Bibi aliyaacha maji yaliyokuwa motoni mpaka yakakauka. Halafu akasema, "Mwiteni mwanangu aje amzike baba yake."

Baba alikuja kutoka Mbeya. Inafaa nimweleze, maana ni rahisi kumfanya mbaya kuliko alivyokuwa. Ujana wake wote aliumalizia katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, akisafisha mchanga mtoni magoti yakiwa majini, na magoti hayo hayakupona. Machimbo yalipolegea alichukuliwa kazi ya nyumbani na mzungu mmoja wa Mbeya mjini, mnunuzi wa dhahabu, ambaye wachimbaji walimwita Bwana Mizani kwa ile mizani yake ndogo ya shaba. Baba alikuwa mpole, msafi, mwenye kupenda nyumba za watu wengine. Akipita mbele ya nyumba ya mabati alipunguza mwendo.

Ilikuwa kazi yake, kama mtoto wa kiume wa pekee, kumvisha baba yake sanda. Bibi akamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili siku mbili kabla, na baba akaenda nacho mjini Iringa, Mlandege, kwa rafiki yake fundi cherehani, kununua bafta nyeupe na kuishonesha. Alirudi na kifurushi kidogo kilichoshonwa pande zote.

Kaburi lilichimbwa karibu na mgomba, fupi kama la mtoto. Mwinjilisti wa kanisa letu alikuwa kijana, na nilimsikia akimwuliza Babu Mdogo pembeni kama itakuwa sawa kumwombea kipande cha fedha. Babu Mdogo akamwambia, "Wewe mwombee mtu. Hayo mengine ni yetu." Baba akampa Bibi kifurushi amuage. Bibi alikiweka kwenye kiganja, akakipandisha na kukishusha kama anayepima chumvi sokoni. Uso wake ukabadilika.

"Mume wetu amenenepa," akasema.

Watu waliangua kicheko, kile cha msibani kinachotoka kwa sababu kimebanwa. Hata mwinjilisti alicheka. Baba alicheka kwa kuchelewa kidogo.

"Ni kitambaa, mama. Nimemvisha mara tatu, huko ardhini ni baridi."

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema Bibi. Akakibusu kifurushi, akakishusha kaburini mwenyewe. Kisha akapiga kelele. Ilikuwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote, miaka yake yote ya kuchambua mboga bila machozi ilitoka kwa pamoja, na wanawake walimshika pande mbili. Akanyolewa nywele. Siku zilipotimia akaogeshwa, akavaa nguo safi, na kwenye msiba uliofuata pale kijijini nilimwona akipita mlango wa jikoni bila kugeuka, akaenda kuketi kwa wajane. Walisogea kumpisha. Alikaa wima kama mtu aliyepata cheo.

Kiangazi hichohicho lori likaleta mabati. Baba alisema Bwana Mizani amemtunuku kwa utumishi wake. Nyasi zikashushwa, fundi akapanda na misumari, na nyumba yetu ikawa ya kwanza kung'aa upande ule wa mto. Bibi alikwenda kila nyumba kueleza. "Mume wangu alipolala tu, ameanza kunitunza. Mnaona? Alikuwa anahangaika, masikini, angenitunza vipi?" Mvua za kwanza alinikumbatia ndani, tukasikiliza kishindo kile kipya, akipaza sauti ili nimsikie. "Anacheza ngoma huko juu!"

Ninapokumbuka furaha ile ndipo kinywa changu kinapokuwa kichungu. Si kaburi, si uongo. Ile furaha.

Baada ya mvua hizo baba alinichukua kwenda kusoma Mbeya. Niliikuta Mbeya ina baridi inayoingia kwenye masikio, na asubuhi mlima wa Loleza hauonekani kwa ukungu. Nikitoka shule nilikwenda kwa Bwana Mizani kumsubiri baba amalize kazi, nikakaa kwenye ngazi za nyuma na kufanya hesabu zangu. Bwana Mizani hakuwa na mke wala mtoto aliyeonekana. Siku moja baba akiwa ametumwa sokoni, mzee yule alitoka akanikuta napuliza vidole vyangu.

"Wewe hapana kufa na baridi hapa kwangu. Ingia."

Chumba chake kilinuka tumbaku na nta ya kupigia sakafu. Palikuwa na kabati la droo nyembamba, zimetandikwa kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, na ndani ya kila droo sarafu za dhahabu zimelala kwenye vishimo vyao, kila moja na kijikaratasi. Nadhani alikuwa na hamu ya kumwonyesha mtu, yeyote yule, hata mtoto mwenye kamasi.

"Hii ya malkia," alisema, akinionyesha kichwa cha mwanamke mwenye utaji. "Yeye alikufa zamani, hii ilikuwa kwa mfuko ya mtu. Hii ya Waturuki. Hii ilikaa chini ya bahari, meli ilizama, watu wote kufa, yeye hapana. Hii watu walitaka kuyeyusha wakati wa njaa, mama mmoja akaficha kwa mkate. Wafalme wote hawa hakuna tena. Vita imepita, njaa imepita, yeye bado iko. Unaona?"

Niliona. Niliona vizuri kuliko alivyodhani. Vichwa vimelala chali katika vishimo, kila kimoja na jina lake na mwaka wake, kimya, safi, droo juu ya droo. Nilijua nimeingia makaburini. Hapa ndipo walipoletwa wote waliogeuzwa wasirudi nyumbani, si wa Tabora tu, na huyu mzee ndiye aliyewatunza. Nikamwonea huruma na kumheshimu. Niliongea kwa sauti ya chini.

Akafungua droo ya mwisho. "Na hii ya hapahapa. Zilitengenezwa kidogo, kwa haraka, nyingi zimeyeyushwa. Hii nzuri sana, ila mshenzi fulani alipiga na kitu. Tazama hapo juu ya sikio. Huruma."

Aliniruhusu nimshike. Niliinua mkono mpaka puani. Ilikuwepo bado, kwa mbali sana, chini ya harufu ya kitambaa kipya. Ugoro wa Bibi.

Nimejaribu mara nyingi kurudi kwenye dakika hiyo kutafuta kama nilishtuka. Sikushtuka. Nilifurahi mpaka machozi. Niliwaza, ametolewa kule chini ya mgomba alikokuwa peke yake, akaletwa kwa wenzake. Amepata kitanda chekundu. Yuko karibu na malkia. Sikumwambia baba kwa sababu niliamini ndiye aliyemleta, na nilitaka zawadi ya kumpelekea Bibi likizoni iwe yangu.

Likizo ilipofika nilimkuta Bibi mbele ya nyumba anaanika mtama. Sikungoja hata kuingia.

"Bibi! Mume wetu hayuko peke yake tena. Nimemwona Mbeya!"

Alicheka. "Umeota, mke mwenzangu?"

"Nimemshika. Yuko kwa Bwana Mizani, wamelala wengi, wana vitanda. Ananuka ugoro wako."

Mkono wake ulikuwa umejaa mtama. Aliendelea kuumwaga polepole mahali pamoja, ukawa kichuguu. "Walitengenezwa wengi," akasema. "Huyo ni mwingine."

"Hapana, Bibi. Ana jembe lako sikioni."

Alifuta viganja vyake kwenye kanga, mmoja, halafu wa pili. Kisha akainua uso akayatazama mabati. Jua lilikuwa kali na yaliwaka, na aliyatazama bila kupepesa macho mpaka nikaogopa atapofuka.

Baba alikuja siku chache baadaye na sukari na sabuni. Bibi alimwacha anywe chai. Nilikuwa mlangoni.

"Ulimzika nani?" akamwuliza.

Baba aliweka kikombe chini. Alinitazama mimi, akaelewa. "Mama."

"Nimekuuliza. Pale mgombani yuko nani?"

"Ni hela ya Tabora vilevile. Ya shaba, pana kuliko ile. Bwana alinipa. Ni ya karakana ileile, mama, vita ileile, mikono ileile ya watu. Mzee wetu huko aliko hawezi kuona tofauti."

"Ndiyo maana alinenepa."

"Mama, nisikilize. Mimi dhahabu nimeichimba mpaka magoti yangu yakaisha. Kila punje niliyoitoa ardhini ilikwenda kwenye mizani ya mtu mwingine. Sikubakiwa hata na ya kuziba jino. Halafu unanipa ya kwetu, ya pekee, unaniambia niichukue kwa mkono wangu huu niirudishe ardhini? Nilisimama pale kwa fundi na kile kibuyu, mkono ukakataa. Na wachimbaji wangesikia, wangemfukua. Sasa una nyumba. Yeye mwenyewe angeona…"

"Sikukuambia uzike dhahabu," Bibi alisema. "Nilikuambia umzike baba yako."

Aliinuka, akakunja mkeka wake, akatoka. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiko letu, kibanda cha udongo chenye paa la nyasi lililokuwa jeusi kwa moshi. Alitandika mkeka wake humo kati ya mafiga na kuni. Hakulala tena chini ya mabati. Majirani walipouliza, baba aliwaambia mama anaogopa kelele za mvua, nao wakamcheka Bibi kwa upendo, mzee wa watu, amezoea nyasi. Bibi hakubisha. Ila kwenye misiba alirudi kukaa jikoni na wasichana, na hilo hakuna aliyeweza kulieleza.

Nilipokuwa narudi shule alisema atanisindikiza. Nilidhani mpaka barabarani. Alipanda basi nami mpaka Mbeya, yeye ambaye hajawahi kufika hata Mafinga, kuku amemfunga miguu mapajani mwake. Tuliposimama Chimala wanawake walituletea mchele na vitumbua madirishani. Nilikula, yeye alimlisha kuku punje za mchele zilizodondoka. "Nani yule wa kuongea naye?" aliniuliza njiani. "Ana mama?" Nikasema sijui. "Mtu mwenye mama ataelewa," akasema.

Bwana Mizani, lazima niseme, alitupokea vizuri. Alimwekea Bibi kiti barazani, akamshukuru kwa kuku, akamwita mama. Baba alisimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha kufutia sahani mkononi, hakuja mbele. Bibi aliomba kumwona, na mzee akaenda ndani kumleta kwenye kisahani. Bibi alimchukua, akapitisha kidole cha gumba juu ya sikio. Alikifahamu kile kidonda kama mtu anavyolifahamu jino lake kwa ulimi.

"Huyu ni mume wangu," alisema. "Mwanangu alikosea. Nimekuja kumchukua."

"Mama, mimi nilinunua kwa haki. Mtoto yako alifurahi."

"Najua. Mabati nitakuletea yote, na misumari yake."

Alisema hivyo akiwa na maana hiyo hasa, na mzee alicheka, si kwa ubaya. "Mabati yenye matundu nitafanya nini nayo?"

"Na yeye si ana jeraha? Mbona umemchukua?"

Mzee aliacha kucheka. Alivuta kiti akakaa karibu naye, akaanza kumweleza, kwa upole kabisa, yale aliyonieleza mimi. Kwamba zimebaki chache. Kwamba kwake itakaa salama, itapita vita nyingine na njaa nyingine, miaka mia baadaye watu watakuja kuitazama. "Kwako ingekaa ndani ya udongo, hakuna mtu kuona. Ingepotea."

"Alipotea tayari," Bibi akajibu. "Nilitaka apumzike."

Mzee alinyoosha kisahani. Kilikaa hewani muda mrefu. Nilikuwa nangoja Bibi akimbie, au apige kelele ile ya kaburini, au aimeze, kwa kweli niliwaza ataimeza. Aliiweka kwenye kisahani. Akamfungua kuku miguu ili asife ganzi, akaniaga, akaenda kungoja basi. Hakumtazama baba alipopita.

Kuku walimchinja Jumapili.

Bwana Mizani aliuza nyumba na kurudi kwao kabla sijamaliza shule ya kati, na kabati lake likaondoka limefungwa kwa mablanketi. Ndiyo maana kila nionapo dhahabu nyuma ya kioo nainama. Baba yu hai, ana nyumba ileile, mabati yameshika kutu pembeni. Nikienda kumsalimu ananipa kiti kizuri na kuniuliza habari za kazi, nami namjibu, na sote wawili tunasikiliza kama mvua inakuja. Nimemtetea kichwani mwangu kwa hoja zote nilizofundishwa chuoni. Magoti yake, umaskini, Wazungu, Lupa. Kila hoja inasimama. Halafu namkumbuka Bibi akipima kile kifurushi kiganjani, akimsifu mwanawe kwa kumvisha baba yake mara tatu.

Bibi alikufa masika, mimi nikiwa bado mwanafunzi, kifua chake kikiwa kimejaa moshi na unyevu wa jikoni mle. Nilikuwa nyumbani. Aliniita karibu, sauti imekwisha, akaniambia, "Mke mwenzangu. Wasinilaze kwa yule wa shaba. Simjui."

Walichimba palepale, karibu na mgomba, ubavuni mwa lile kaburi fupi, maana mke huzikwa kwa mumewe na hilo halikuhitaji kujadiliwa. Nilikwenda mbele ya wanaume waliokuwa na majembe.

"Bibi alisema asilazwe hapo."

Babu Mdogo aligeuka. "Alimwambia nani?"

"Mimi."

Baba alikuja akanishika bega. Hakunitazama usoni, na hilo nimeligeuza kichwani kuliko lolote. Alijua kwamba najua. "Mtoto ana uchungu," aliwaambia. "Mpeni uji." Mwanamke mmoja akaniondoa.

Mvua ilianza udongo ukiwa bado unarudishwa. Watu walikimbilia nyumbani, wakajaa sebuleni na vyumbani, wakitikisa nguo zao na kuyatazama mabati kwa kuyasifu, kwa sauti za juu ili wasikike. Mimi nilikuwa jikoni kwa Bibi. Moto ulikuwa umezimwa tangu alipokufa, na nyasi zisizopata moshi zilianza kupitisha maji, tone moja kwenye majivu, halafu jingine kwenye mkeka wake. Baba alitokea mlangoni mwa nyumba kubwa akaniona.

"Ingia huku, mama," aliniita. "Huku hakuvuji."